Nchi Isiyotaka

Ipo nchi ambayo uchumi wake ulikuwa unakua kwa kasi hata serikali ikaajiri watu wa kuupisha njia. Jina la nchi tunaliacha, maana kila aliyeisikia habari hii ameapa kwamba ni ya nchi ya jirani, nasi hatupendi kugombanisha majirani. Uchumi ulikua watu wakiwa bado wanapiga mswaki, ukakua wakiwa kwenye foleni ya mafuta ya taa, na kila ulipokua ulizivua nguo zilizoubana ukazitupa Bondeni.

Bondeni palikuwa na kilima na mkondo wa maji. Kilima hakikuumbwa na Mungu. Kilijengwa kwa mifuko ya plastiki, magurudumu, viti vilivyovunjika mguu na simu za mwaka jana. Mkondo aliuumba Mungu, lakini juu yake kilikuwapo kiwanda cha kutia vitambaa rangi, na tangu kianze kazi Mungu hakuonekana kuudai tena. Kwa hiyo watu wa Bondeni walikuwa wa kwanza nchini kuijua mitindo. Mkondo ukiwa wa zambarau, walijua wanawake wa mjini wameanza kuvaa zambarau. Ukija na rangi za bendera, walijua uchaguzi umekaribia.

Ukingoni mwa mkondo huo aliishi Bi Mashavu, mjane aliyekuwa akilima mchicha mpaka mchicha ulipoanza kuota wa buluu. Wateja waliuliza kama ni dawa. Alipowaambia ni mboga walicheka, wakaenda zao. Basi akaacha mchicha, akawa anauza uji, na ili kupata maji ya uji alipanda kile kilima akashuka upande wa pili, ndoo kichwani, magoti yakimlilia. Lilikuwapo bomba la serikali jirani na mlango wake. Lilizinduliwa kwa utepe na matarumbeta, likatoa maji muda wote wa hotuba, kisha likaanza kutoa hewa, na hewa hiyo serikali iliendelea kuihesabu kuwa huduma.

Mwanawe wa pekee aliitwa Sikudhani. Alikuwa na stashahada ya Kiswahili, aliyopewa na walimu wake kwa alama za juu ili asirudi kuwauliza maswali. Alifanya kazi katika Baraza la Lugha la Taifa, akapanga chumba mjini, na kila Jumapili alikwenda Bondeni kumtekea mama yake maji. Alikipenda Kiswahili kama wengine wanavyopenda mpira, yaani kwa kelele na kwa kununa. Kijana mmoja aliwahi kumposa kwa maneno matamu, akakosea ngeli, na posa ikaishia hapo.

*

Siku moja Mkuu wa nchi alirudi kutoka ughaibuni na habari njema: mkutano wa mataifa kuhusu mazingira ungefanyika nchini mwake. Wageni walikuwa wanatafuta nchi inayokua bila kuchafuka, maana nchi zao zilishakua, zikachafuka, na sasa zilikuwa zinahitaji mfano mwema. Mkuu alitoa agizo fupi, kama ilivyo desturi ya watu wenye madaraka marefu.

"Wageni wasikute taka."

Agizo likamwangukia Mheshimiwa Sifael Mapambio, Waziri wa Ukuaji na Usafi. Wizara hizo mbili zilikuwa zimeunganishwa ili anayechafua na anayesafisha wasisumbuke kuandikiana.

Kwanza ikafanyika Siku ya Usafi. Waheshimiwa walifika Bondeni kwa magari ambayo yaliachwa yakiunguruma, viyoyozi visije vikapoteza ubaridi. Kila mmoja akapewa fulana, glavu, chupa ya maji, na mfagio mpya uliovishwa nailoni. Wakafagia mbele ya kamera. Wakanywa maji, wakavua fulana, wakaondoka, na kilima kikawa kimeongezeka kimo.

"Angalau leo wameacha mifagio," Bi Mashavu alimwambia bintiye. "Mwaka jana waliacha kofia tu."

Pili, kilima kikavishwa zulia la nyasi za plastiki, kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Ndege aina ya korongo waliokuwa wakichokora pale wakawa wanyamapori wanaolindwa kwa mujibu wa sheria, na akina mama waliozoea kuokota chupa za kuuza wakafunguliwa mashtaka ya ujangili. Mpango ulikuwa unakwenda vizuri, ila kilima kilikuwa na moto wake wa ndani kwa ndani, na zulia likaungua lote kabla halijapigwa picha ya pili. Waziri alipoambiwa habari za moto huo aliuliza kama kilima hakiwezi kutangazwa kuwa volkano.

Tatu, kiwanda kiliombwa kwa heshima zote kitie vitambaa rangi ya buluu peke yake mpaka wageni waondoke, ili mkondo uonekane wa asili. Kiwanda kilikubali, kizalendo kabisa. Watoto wa Bondeni wakawa na miguu ya buluu mpaka magotini, na mhandisi aliyependekeza kwamba kiwanda kizuiwe tu kisimwage rangi mtoni akapata bahati ya kupelekwa masomoni nchi ya mbali sana.

Njia za kitaalamu zilipokwisha, Waziri akaigeukia lugha.

*

Kikao kilifanyika Baraza la Lugha, chini ya Mkurugenzi, Bwana Kisinza, mzee msafi asiyeweza kuanza sentensi bila kuiwekea msingi.

"Kimsingi, Mheshimiwa," alisema, "tubadilishe jina. Tukiziita mabaki ya maendeleo, kimsingi taka zitakuwa zimekwisha."

"Tulishajaribu," Waziri akajibu. "Tuliposema mabaki, watu walikuja na sahani."

Sikudhani, aliyekaa mwisho wa meza karibu na mlango, akainua mkono. Alikuwa ametoka Bondeni jana yake, na magoti ya mama yake bado yalikuwa yanalia masikioni mwake. Siku nyingi alikuwa na neno la kuwaambia hawa wakubwa, na alikuwa amelinoa vizuri.

"Mheshimiwa, shida si jina. Hebu lisikilizeni neno lenyewe. Taka, zile tunazotupa. Taka, kile tunachofanya tunapotamani kitu. Wenye kamusi wanayatenga, wanasema hayana undugu. Mimi nasema ni mama na mtoto. Hakuna kitu kwenye kile kilima ambacho hakikuanza kwa mtu kusema nataka. Nataka gari la mwaka huu. Nataka kiwanda cha pili. Nataka simu nyingine, na hizi tatu bado zinafanya kazi. Tukitaka taka zipungue, Mheshimiwa, tuanze na huko kutaka."

Alipokuwa akisema hivyo alizikazia macho simu tatu zilizolala mbele ya Waziri. Mtu yeyote mwenye akili zake timamu angejua anayesemwa ni nani. Lakini Waziri alifumba macho polepole, kama mtu aliyewekewa tende mdomoni.

"Rudia hapo mwisho."

"Tuanze na kutaka."

"Nani amekusomesha, binti?"

"Serikali, Mheshimiwa."

"Basi serikali ilijua inachofanya," akasema Waziri, na akazikusanya simu zake zote tatu akaondoka mbio.

*

Sheria ya Kuzuia Taka za Kila Aina ilipitishwa kwa vigelegele. Mabango yakatundikwa nchi nzima: TAKA MARUFUKU. Kwenye mabango ya zamani palikuwa na picha ya pipa. Kwenye haya mapya palikuwa na picha ya mdomo.

Sikudhani alipoliona la kwanza alicheka, akidhani mchoraji amekosea. Alipoliona la pili alikwenda kwa Bwana Kisinza.

"Mkurugenzi, wameelewa kinyume. Nilisema wakubwa wapunguze kutaka."

"Kimsingi hukusema wakubwa."

"Nilimwangalia Waziri."

"Kuangalia hakuingii kwenye kumbukumbu za kikao, binti. Kilichoingia ni tuanze na kutaka. Na wameanza." Akafungua saraka ya meza yake, akatoa cheti chenye lakiri nyekundu. "Hiki ni chako. Umetunukiwa jina la Mama wa Usafi wa Kauli. Hongera, na mume utapata sasa."

Askari wa Taka wakasambazwa sokoni, kazi yao kusikiliza. Muuzaji aliyezoea kuuliza "Unataka nini, shangazi?" akawa anauliza kwa nyusi tu. Wanunuzi wakawa wanaomba. Naomba vitunguu. Naomba unga. Mtu mwenye kikapu kizuri na haja halali akageuka kuwa mwombaji, na wageni wachache waliotangulia waliandika kwao kwamba wananchi wa hapa wana adabu isiyo na kifani.

Vijana ndio waliopata taabu. Mmoja wao, fundi viatu, alimvizia msichana aliyempenda mpaka wakawa peke yao, akamwambia kwa sauti ya chini, "Nakuhitaji."

"Kwa kazi gani?" msichana akauliza.

"Si kwa kazi. Yaani, ninakuhitajia."

"Mimi ni kitunguu?"

Wakaachana. Makanisani, neno takatifu lilikaguliwa na kukutwa na taka ndani yake, na waumini wakaagizwa waimbe Msafi, Msafi, Msafi. Padri mmoja mzee aliuliza kama Mungu ana habari. Akaambiwa atajulishwa kwa wakati.

Sikudhani aliona hapo ndipo pa kuwakamata. Alirudi kwa Bwana Kisinza na ushahidi ambao hakuna mtu mwenye kusoma angeweza kuukataa.

"Mkurugenzi, sheria hii haitekelezeki. Taka imo ndani ya sarufi. Huwezi kusema siku zitakazokuja bila kuitamka. Huwezi kusema watoto watakaozaliwa. Tukiifuata sheria, hatutaweza kuyasema ya mbele yetu. Mwambie Waziri. Akiliona hilo ataifuta."

Bwana Kisinza alimsikiliza kwa makini, akamtaka arudie polepole, akamshukuru kwa uzalendo. Kabla wiki haijakwisha, siku zote zitakazokuja zilipigwa marufuku kwa tangazo la nyongeza, na watoto wote watakaozaliwa wakaondolewa katika vitabu vya shule. Sikudhani akapewa cheti cha pili.

Alijaribu tena. Alieleza kwamba kuhitaji ni ndugu wa kutaka, kwamba wakizuia hiki wataachia kile, na kwamba mambo hayo hayana mwisho. Waziri mwenyewe alimpigia simu kumpongeza, na kuhitaji nako kukazuiwa, isipokuwa kwa maofisa wa ngazi ya juu wakiwa kazini. Tangu siku ile Sikudhani alijifunza kunyamaza. Lilikuwa somo gumu kwa mtu wa aina yake, na hakuna aliyempa cheti kwa ajili ya hilo.

Takwimu zilipotoka, taka zilikuwa zimeshuka kote nchini. Kilima kilikuwa kimefika kwenye nyaya za umeme, lakini hakuna aliyekitaja.

*

Wageni walipokaribia, ilipangwa watembelee Bondeni wakazungumze na wananchi wa kawaida. Wananchi wa kawaida wakaanza kufanyishwa mazoezi. Na kwa kuwa Mama wa Usafi wa Kauli alikuwa mzaliwa wa palepale, kazi ya kuwafundisha akapewa yeye. Nyumba ya mama yake aliiacha ya mwisho.

"Mama, Waziri atakuuliza kama kuna jambo lolote la kumwambia. Wewe sema umeridhika."

"Nimeridhika na nini?"

"Na hali."

"Hali ipi?"

"Mama."

"Nauliza tu, mwanangu. Nisije nikaridhika na hali ya mtu mwingine." Bi Mashavu alikuwa anakoroga uji, jicho moja kwenye sufuria. "Na kule kutaka ndiyo tusiseme kabisa?"

"Kabisa. Mama, wanakamata. Si mchezo."

"Mie nilipozaliwa, kabla sijajua jina langu, nilikuwa nataka ziwa. Nililia mtaa mzima ukasikia. Hakuja askari."

"Wakati ule uchumi ulikuwa haujakua."

"Haya," Bi Mashavu akasema. "Nimeridhika. Nipe hiyo ndoo, maji yenyewe yameisha."

Wageni walikuja wakiwa wamevaa buti za mpira, safi. Mkondo ulikuwa wa buluu mpaka unaumiza macho, na mgeni mmoja alifuta machozi akisema hajawahi kuona maji ya namna ile. Kila mwananchi aliyeulizwa aliridhika. Walikuwa wanaridhika kwa sauti moja, wengine kabla hawajafikiwa. Waziri Mapambio alifika mlangoni kwa Bi Mashavu akiwa anatoka jasho la furaha.

"Bibi yetu huyu," akasema, "ana jambo lolote la kutuambia?"

Bi Mashavu alikuwa ametoka kushuka kilima. Ndoo ilikuwa bado kichwani na kata imemlalia upande. Alimwangalia Waziri, akaliangalia bomba lililokuwa nyuma yake likipumua, na Sikudhani, aliyesimama miongoni mwa maofisa, aliona midomo ya mama yake ikianza kulitengeneza lile neno zuri walilofundishana. Halafu ikaacha.

"Nataka maji," Bi Mashavu akasema.

Mgeni mmoja akamgeukia mkalimani. Mkalimani akamweleza kwamba bibi anasema maji ni uhai. Wageni wakainamisha vichwa kwa heshima, wakaendelea na safari.

Koplo wa Askari wa Taka alibaki nyuma.

"Bibi, umetupa taka mbele ya wageni."

"Imeangukia wapi, baba, niiokote?"

"Usinifanyie utani. Nchi nzima haitaki, utake wewe?"

"Na wewe hutaki?"

Koplo akafikiri. Alikuwa kijana wa watu, amesimama juani tangu asubuhi, na midomo imemkauka. "Mimi niko kazini," akasema, akamsaidia kutua ndoo, akamchukua.

*

Kituo cha Kuchakata Kauli kilijengwa kwa msaada wa wafadhili waliodhani wanajenga cha kuchakata chupa. Waliokamatwa walitenganishwa kama inavyoshauriwa na wataalamu. Waliotaka nyongeza ya mshahara waliwekwa kwenye banda la kijani, la taka zinazooza, kwa sababu hao walilegea upesi. Waliotaka ardhi, haki au maji waliwekwa kwenye banda jekundu, la taka zisizooza. Sikudhani alipokwenda kumwona mama yake alimkuta banda jekundu, amekaa juu ya mkeka, kanga yake imefungwa vizuri kama mtu aliyealikwa.

"Wanakutesa, mama?"

"Hata. Vijana wazuri. Ukitamka lile neno wanakupa kikombe cha maji usukutue kinywa. Ndiyo adhabu." Akasogea karibu. "Basi mie nikishikwa na kiu nasema nataka. Wanaleta. Nikishasukutua nameza."

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu kilichomkunja mpaka paji la uso likagusa magoti. Alipoinuka Sikudhani akaona kwamba midomo ya mama yake ilikuwa ya buluu. Ufizi nao. Nyuma ya banda, bomba la kituo lilikuwa limeungwa moja kwa moja kwenye mkondo.

"Mama, usiyanywe hayo maji."

"Ninywe yapi?"

Sikudhani alikimbia kutoka pale mpaka wizarani na akakaa kwenye benchi la wageni mpaka Waziri alipopata nafasi. Maneno yote aliyoyajua, mafungu na mafungu, aliyaacha nje. Alitumia lile moja lililoruhusiwa.

"Naomba, Mheshimiwa. Ni mzee. Kifua kimembana. Naomba mumwachie."

Waziri hakuwa mtu mbaya. Wote waliomjua wanasema hivyo, na yeye mwenyewe alikuwa akilisema mara kwa mara. Alimpa kiti.

"Mimi pia nina mama," akasema. "Sasa sikiliza. Kuna mgeni mmoja ameulizia habari za yule bibi. Anasema alipoangalia nyuma alimwona akipelekwa mahali. Hilo halipendezi. Kesho tunafunga mkutano. Wewe ndiye Mama wa Usafi wa Kauli, na yeye ndiye mama yako, huoni inavyopendeza? Utapanda jukwaani, utaomba radhi kwa niaba yake, sentensi moja tu. Mama yako atakuwa nje kwenye gari letu. Ukishasema, dereva anampeleka hospitali, ile ya kwetu. Usiposema, anamrudisha alikotoka. Mimi ningependa asirudi."

"Nitasema," Sikudhani akajibu haraka.

"Najua. Wewe ni msomi."

Alikwenda kumweleza mama yake, akijua atafurahi. Bi Mashavu alisikiliza mpaka mwisho.

"Utaomba radhi kwa lipi?"

"Kwa ulilosema."

"Kwa kuona kiu?"

"Mama, ni maneno tu. Mimi kazi yangu maneno, nayajua. Yanasemwa, yanapita. Utatoka humu."

"Nitoke niende wapi? Kwenye lile bomba?" Alikohoa, akangoja kikohozi kiishe kama anayengoja mgeni mropokaji anyamaze. "Mie sikukatazi. Umesoma, umeona mengi, na ukinitoa nitashukuru maana humu kuna kunguni. Lakini maisha yangu yote nimesema mengi ya upuuzi, mwanangu. Lile halikuwamo. Usiliombee msamaha mbele ya watu."

"Basi nifanye nini?"

"Sijui," Bi Mashavu akasema. "Ningejua ningekwambia."

*

Ukumbi wa kufungia mkutano ulikuwa na ubaridi wa kutetemesha, na mbele ya kila mgeni palikuwa na chupa ndogo ya maji, imefunguliwa, imenywewa kidogo, imeachwa. Waziri Mapambio alikuwa katikati ya hotuba.

"Tumeusafisha mkondo. Tumeisafisha kauli. Tumefanya haya yote si kwa ajili yetu, ndugu wageni, bali kwa ajili ya vizazi vi..." Akasita. Akaangalia karatasi, akamwangalia Bwana Kisinza aliyekaa safu ya mbele. Bwana Kisinza akatikisa kichwa. "Kwa ajili ya vizazi vi..." Akakohoa kidogo. "Kwa ajili yetu," akamaliza, na ukumbi ukapiga makofi.

Sikudhani akaitwa. Alipanda akiwa na sentensi tayari. Alikuwa ameirudia njia nzima, haikuwa na kosa hata la nukta, na alikuwa na nia ya kuisema. Hilo lieleweke, maana baadaye walijitokeza watu wa kusema kwamba alikuja na kiburi chake kutoka nyumbani. Hakuja nacho. Alikuja na mama mgonjwa.

"Mimi, Sikudhani binti Mbaruku," akaanza, "naomba..."

Neno lililofuata lilikuwa radhi. Na hapo ndipo ile tabia yake mbaya, iliyomfukuzia mchumba na kuwakosesha usingizi walimu, ilipomkamata jukwaani: akalisikiliza neno kabla hajalitamka. Radhi ni kuridhika. Unayemwomba radhi ni mtu ambaye hajaridhika, ili aridhike. Akautazama ukumbi akimtafuta mtu wa kumwomba. Akatazama safu ya mbele, ya kati, ya nyuma. Waziri alikuwa ameridhika. Bwana Kisinza alikuwa ameridhika, kimsingi na kwa jumla. Wageni walikuwa wameridhika mpaka wengine wamesinzia. Wenye kiwanda, waliokaa kwenye viti vya wafadhili, walikuwa wameridhika kuliko wote. Hakukuwa na mtu humo ndani aliyepungukiwa na radhi hata chembe.

Dirisha la pembeni lilikuwa wazi kidogo. Nje, kwenye maegesho, gari la wizara lilikuwa linaunguruma, na kwenye kioo cha nyuma ilionekana kanga ya mama yake, na bega likiruka kwa kukohoa.

"Siombi," akasema.

Mkalimani, ambaye naye alikuwa na watoto wa kulisha, akawaambia wageni kwamba binti anashukuru. Makofi yakalipuka. Mgeni aliyekuwa ameulizia habari za bibi alisimama kabisa, akapiga makofi mikono ikiwa juu, uso umejaa faraja.

Waziri akamsogelea Sikudhani, akiwa bado anawatabasamia wageni, akaufunika mdomo wa kipaza sauti kwa kiganja.

"Umejikwaa ulimi, binti," akamwambia kwa upole. "Ukumbi mkubwa, si neno. Dereva ananiangalia mimi. Rudia. Naomba radhi. Maneno mawili, unakwenda na mama yako hospitali."

Akaondoa kiganja.

Sikudhani alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alijua kwamba mkalimani atayatafsiri maneno yake vyovyote apendavyo. Alijua kwamba kesho mkondo utarudi kuwa wa zambarau, kwamba bomba litaendelea kupumua, kwamba hakuna sheria itakayofutwa na hakuna mgeni atakayeelewa. Alijua gari litageukia upande gani. Akalitazama mpaka macho yakamwuma, kisha akamgeukia Waziri, akasema taratibu, kila silabi mahali pake:

"Siombi radhi."